Usiku natembea peke yangu, mchana nashika magongo

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa sita usiku, wenzangu wamelala, na hata mume wangu hajui kama naandika.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nimeolewa miaka 26, tuna watoto wanne, wawili wako kwao, wawili bado wanasoma. Mume wangu anaendesha bajaji. Mimi kwa miaka 19 nauza vitumbua na chai barazani kwetu. Kila siku naamka saa tisa usiku, nakoroga mchele niliousagisha jana yake na tui la nazi, na ikifika saa kumi na moja chuma cha vitumbua kiko motoni. Sijawahi kulala mpaka jua litoke, labda siku za uzazi.

Mwezi wa kumi, vuli imeanza, nilitoka uani gizani kuchukua mkaa. Ngazi ilikuwa na utelezi. Mguu wa kulia ukapinda kwa ndani, nikasikia mlio kama ukuni mkavu unavunjwa gotini. Nilipouangalia, unyayo ulikuwa umeelekea upande ambao si wake. Hospitalini eksirei ilionyesha kifundo kimevunjika pande zote mbili, ndani na nje. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa bamba la chuma na skrubu, nikafungwa hogo la plasta na kuambiwa wiki sita nisikanyage.

Shangazi, nyumbani kwetu choo ni cha kuchuchumaa. Mume wangu alichukua kiti cha plastiki akakikata tundu katikati kwa kisu alichokipasha moto. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyekuwa ananishika mkono mpaka mlangoni, kisha anasimama akiangalia ukutani ili nisione haya. Mpaka leo ndiye ananiogesha asubuhi kabla ya kwenda shule. Mwezi huu mwalimu wake ameandika barua kuwa anachelewa.

Hogo lilipofunguliwa nililia. Ngozi ilikuwa inabanduka kama magamba ya samaki, shavu la mguu limenywea, kifundo kimegoma kukunjika. Wiki ya 12 nikapigwa picha nyingine. Daktari akaiangalia, akasema mfupa umeunga vizuri, mama anza kutembea, magongo uyaache taratibu. Hayakuzidi maneno hayo, akamwita mgonjwa mwingine. Sasa ni wiki ya 15 na bado natembea na magongo yote mawili.

Vitumbua anapika wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye ni mjane. Alikuja kunisaidia wiki moja, hajaondoka. Kila jioni ananiletea pesa kwenye kikopo, na sijaikuta pungufu hata siku moja. Lakini amepunguza iliki, na wateja hawasemi kitu. Juzi nimemsikia mmoja anasema vya huyu vina rangi nzuri zaidi. Ramadhani imebaki wiki tatu, ndio msimu wangu mkubwa, na naona kama baraza si langu tena. Juu ya hapo kuna mkopo wa kikoba, milioni moja na laki mbili, tuliouchukua kwa ajili ya upasuaji, nao uko kwa jina langu.

Mama yangu yuko Pangani. Anataka niende kwake kuna mzee fundi wa viungo anayekanda kwa mafuta. Anasema mfupa ukishaunga chuma kinaanza kuula, kwa hiyo nitolewe vyuma kisha nikandwe. Kila wiki ananitumia supu ya kongoro kwa basi. Mume wangu anasema niende tu, labda itasaidia. Siku nyingine ananiambia, “Mama, hata hatua mbili, jaribu.” Najua anaona najidekeza.

Sasa niseme lililonifanya nikuandikie. Kiasi cha wiki tatu zilizopita niliamka usiku kwenda kunywa maji. Nilifika mtungini, nikashika kata, ndipo nikakumbuka kuwa magongo yako kitandani. Hatua sita. Nilisimama pale natetemeka, nikarudi nimeshika ukuta. Tangu siku hiyo natembea kila usiku. Jana nimefika hatua 40, nazunguka sebuleni gizani. Kukipambazuka nashika magongo.

Maumivu sikuyadanganya, Shangazi. Jioni mguu unavimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Swala naswali kwenye kiti na natamani kusujudu. Lakini tangu niolewe sijawahi kuletewa chai nikiwa nimekaa. Sasa naletewa. Mume wangu akirudi jioni anakaa karibu yangu, tunaongea mpaka usiku, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. Naogopa nikiyaweka magongo chini, kesho yake saa tisa usiku niko uani, kwenye ngazi ile ile.

Niseme ukweli? Niende Pangani? Au nijikaze nirudi kwenye chuma cha vitumbua kabla ya Ramadhani? Na mimi ni mwongo?

Mwenye magongo, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mguu, na pole kwa kukaa na jambo hili peke yako wiki tatu gizani.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona mama aliyevunjika kifundo cha mguu na hajui aende kwa fundi au asiende. Mara ya pili nikaona mama ambaye miaka 19 hakulala mpaka asubuhi, akapata mapumziko kwa njia mbaya kuliko zote, na sasa anaogopa kupona kutamnyang'anya hayo mapumziko. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, lakini naomba tuyaangalie moja moja.

Nianze na neno uongo, maana limekukaa kifuani. Umejiuliza unadanganya nini hasa? Kuunga kwa mfupa ni jambo moja, na kurudi kwa mguu ni jambo jingine. Mfupa wa kifundo kwa kawaida huunga ndani ya wiki 6 hadi 12, na wako picha imeonyesha umeunga. Lakini msuli ulionywea na kifundo kilichokakamaa havionekani kwenye eksirei. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi sita, kwa wengine mpaka mwaka, na nguvu inaendelea kurudi taratibu muda wote huo. Shavu la mguu ndilo linalosukuma damu irudi juu. Likinywea, damu na maji vinatuama chini, na ndiyo maana kidole chako kinaacha shimo ikifika jioni. Kwa hiyo mtu anayeweza hatua 40 usiku na bado hawezi kusimama muda wa saa nne mbele ya jiko hajadanganya. Hapo ndipo mguu wa wiki ya 15 ulipo.

Ulichoficha ni zile hatua, na unajua mwenyewe kwa nini umezificha. Sitaki uone aibu kwa hilo. Mwanamke anayeletewa chai mara ya kwanza baada ya miaka 26 ana haki ya kutotaka kikombe kile kiondoke.

Sasa niruhusu nikuulize kuhusu mumeo. Umeandika kwamba anaona unajidekeza. Nimetafuta kwenye barua yako mahali alipolisema neno hilo, sikuliona. Nimeona mtu aliyepasha kisu moto akakata kiti ili mkewe asiadhirike chooni. Nimeona mtu anayesema “hata hatua mbili, jaribu.” Huenda ana haraka, huenda mkopo unamkosesha usingizi, mimi siko nyumbani kwenu. Lakini inawezekana pia kwamba ile sauti inayosema unajidekeza ni yako mwenyewe, na umemvisha yeye.

Na wifi yako je? Wiki 15 ameamka saa tisa usiku badala yako na kikopo hakijapungua. Hujaniambia analipwa nini, na nina wasiwasi kwamba hakuna aliyemuuliza. Unaona baraza linaondoka mikononi mwako, na uchungu huo naujua, maana kazi ya mikono ndiyo jina la mtu mtaani. Lakini jiulize pia kama mjane huyu anataka kukunyang'anya, au naye amepata mahali pa kuamkia asubuhi na anaogopa siku utakayomwambia ahsante, sasa nenda. Huenda kila mmoja wenu anamwogopa mwenzake. Iliki mwambie tu airudishe kipimo chake.

Nije Pangani. Mama yako anakupenda kwa supu na kwa basi, usimvunje moyo. Supu ya kongoro inywe, inarudisha hamu ya kula, ila madini ya kujenga mfupa yamo zaidi kwenye maziwa na kwenye dagaa unaowatafuna na mifupa yao. Kuhusu chuma kula mfupa, hapo ningemuuliza daktari kabla ya kumsikiliza mtu mwingine, mimi mwenyewe nikiwemo. Vyuma vile vimetengenezwa vikae mwilini, na watu wengi hukaa navyo maisha yao yote. Huweza kutolewa vikisumbua, kwa mfano vikigusana na kiatu chini ya ngozi nyembamba, au pakiingia usaha. Kuvitoa ni upasuaji mwingine. Matundu ya skrubu yanabaki kwenye mfupa kwa muda kabla hayajajaa, na ungeanza tena kutembea kwa hadhari. Na gharama yake unaijua.

Mafundi wa viungo nimewaona wa aina mbili. Yupo anayepaka mafuta ya nazi akachua shavu la mguu na unyayo polepole, na mgonjwa akalala vizuri usiku ule. Sioni hatari kubwa hapo, ilimradi kovu limepona na daktari amekubali. Yupo pia anayevuta na kupinda kifundo kwa nguvu ili kukirudisha, au anayekifunga mianzi ikakaza mpaka vidole vikafa ganzi. Huyo namwogopa. Damu ikizuiwa na kifungo cha kukaza, mtu anaweza kupoteza mguu ambao ulikuwa umeshapona. Ukiamua kwenda kwa mama, na kukaa kwa mama wiki mbili ni jambo jema hata bila fundi, weka mpaka mapema: kuchuliwa sawa, kuvutwa na kufungwa hapana. Lakini pima pia kama unakwenda kwa ajili ya mguu, au unakwenda ili usiwepo baraza likibadilika.

Kuna mtu mmoja ambaye hayumo kabisa kwenye barua yako, na nashangaa hakuna aliyekutajia: mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Rudi hospitalini ukaulize kitengo chake. Dakika chache za daktari zilikueleza kuwa mfupa umeunga, na hilo ndilo alilotakiwa kukueleza. Namna ya kuurudisha mguu inafundishwa na mtu mwingine. Dada yangu alivunjika mguu kama wako, na kilichomsaidia kilikuwa vitu vidogo vya kila siku. Alikaa kitandani, akapitisha khanga chini ya unyayo, akaivuta ncha mbili kuelekea kwake mpaka asikie shavu la mguu linanyooka. Aliandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, moja baada ya nyingine. Baadaye alishika meza akawa ananyanyua visigino. Hasira ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kinachobadilika, kisha siku moja akachuchumaa. Kwako ningeweka kuchuchumaa na kusujudu mbele ya mambo mengine, maana ndivyo vinavyokuuma. Kile kikao cha tahiyatu kinataka mguu wa kulia usimamishwe na vidole vikunjwe, na wa kulia ndio wako uliovunjika. Kitachelewa kuliko vyote. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali akiwa amekaa, usijione umepunguza kitu.

Lipo jambo ambalo dada yangu alifundishwa na bado nalikumbuka. Mizani ya kawaida ya kupimia uzito, uliyoazima hata dukani. Weka mguu wa kulia juu yake, wa kushoto juu ya ubao wenye kimo kile kile, ushike meza, usimame. Ukiwa na kilo 80, miguu miwili inayoaminiana ingebeba 40 kila mmoja. Yeye alikuta ule mbovu unabeba 22. Alikuwa na hakika anakanyaga sawa, kumbe hofu ilikuwa inauinua mguu bila yeye kujua. Kila wiki mguu ule ulibeba kilo chache zaidi. Muulize mtaalamu kama inakufaa.

Na kuhusu magongo: si lazima uchague kati ya mawili na hakuna. Lipo gongo moja. Watu wengi hulishika upande wa mguu mbovu, na ni makosa. Lako lishike mkono wa kushoto, liende mbele pamoja na mguu wa kulia. Kwenye ile ngazi ya uani, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mbovu pamoja na gongo. Na tafadhali, usiku ukitembea, washa taa. Kila nilipofika pale unapozunguka sebuleni gizani, nilisita. Ngazi yenyewe mumeo aikwangue utelezi, aipige saruji ya kukwaruza, aweke taa. Hofu yako ya kurudi pale saa tisa usiku si ya kijinga, pale ndipo ulipoumia.

Tukija kwenye kusema au kunyamaza. Ukinyamaza unapata siku chache zaidi za chai na mazungumzo ya jioni, nami sizidharau. Lakini siku mtoto atakapoamka usiku kukojoa akakuta mama anazunguka sebuleni, habari itatoka kwa mdomo mwingine, na hapo hatua zako zote zitageuzwa jina. Ukisema, nako kuna hatari: mumeo anaweza kusikia nusu ya kwanza tu, kwamba umepona, na kesho yake ukakuta mkaa umeshawashwa. Ndiyo maana ukiamua kusema, ningetamani mambo mawili yatoke kwa pumzi moja: “Baba fulani, naweza hatua 40, na siwezi kusimama jikoni kwa muda wa saa nne. Na kuna jambo jingine: nimependa tunavyokaa jioni, sitaki liishe nikipona.” Sijui atajibu nini. Wewe ndiye unayemjua, na wewe ndiye unayejua saa anayosikiliza. Kama ukiona huwezi kuanza na yeye, anza na mtaalamu wa mazoezi, umwonyeshe hatua zako mchana, mbele ya mtu.

Ramadhani nayo ina nafasi kidogo. Vitumbua vya futari hupikwa alasiri, saa tisa ya usiku inageuka saa tisa ya mchana. Unaweza kukaa kwenye kiti kirefu, ukakoroga, ukapima iliki, ukapokea pesa na kusalimiana na wateja wako, wifi akiwa kwenye chuma. Mafuta ya moto na magongo havikai pamoja, kwa hiyo sikushauri uchukue chuma mapema, na kigoda cha chini kitakutesa wakati wa kuinuka. Baada ya kila saa moja hivi lala, inua mguu juu ya mito mpaka upite usawa wa moyo. Hatari ya njia hii ni kwamba ukishaonekana barazani, watu watakuhesabu mzima. Faida ni kwamba baraza litakuona, na wewe na wifi mtalazimika kuzungumza mgao. Mkopo usisubiri futari: wanakikoba wenzako wanajua ulivunjika, wafuate sasa uombe kupunguziwa rejesho kabla hujachelewesha.

Yapo mambo ambayo ukiyaona, uache barua yangu uende hospitalini siku hiyo hiyo: shavu la mguu mmoja kuuma na kuvimba ghafla likawa la moto, kifua kubana au pumzi kukata, kidonda kutoa usaha, homa, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi. Na kama maumivu yanazidi kila wiki badala ya kupungua, yanachoma kama moto hata khanga ikigusa tu, nalo liseme, maana lina tiba yake na halipendi kucheleweshwa.

Nimemwacha binti yako mwisho, ingawa yeye ndiye niliyemfikiria zaidi. Mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili ukitafakari. Yeye barua ya mwalimu ameshaipata. Umefika hatua 40 usiku, na kuoga kwa kukaa kwenye kile kiti cha mumeo, ndoo pembeni na mlango umerudishwa tu, pengine unaweza mwenyewe tangu kesho. Si lazima umweleze mtu yeyote sababu. Mwambie tu avae sare mapema.

Ukipata mizani, niandikie mguu wa kulia unabeba kilo ngapi.

Shangazi yako